Chanzo cha Kifo Kando ya Ziwa

Katika vijiji vilivyo kando ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, magharibi mwa Kenya, watu wengi wamezikwa bila daktari kuandika kilichowaua. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ni ya mwaka 1928, lakini usajili wa lazima ulipanuliwa kwa awamu baada ya uhuru, ukaenea nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu hapo, anayefia hospitalini huandikiwa fomu na daktari. Anayefia nyumbani huandikwa na naibu chifu, ambaye huwauliza wafiwa na kutoa kibali cha mazishi. Naibu chifu hakusomea udaktari. Akiambiwa marehemu alikuwa na homa, huandika malaria. Akiambiwa alikohoa, huandika nimonia. Zaidi ya hayo, wengi hawafiki kwake kabisa. Maiti hulazwa katika ardhi ya boma, na cheti hutafutwa baadaye, pale mjane anapodai pensheni au watoto wanapogawana shamba.

Familia hazikukosa maelezo yao wenyewe. Katika miaka ya 1980 na 1990, Ukimwi ulipolishambulia eneo hili la Nyanza, wengi waliokonda na kuharisha kwa miezi mingi walisemekana kuwa na chira, maradhi ambayo Wajaluo huyahusisha na kuvunja miiko. Ugonjwa uliojaza makaburi ya vijana ulionekana wazi kwa kila aliyehudhuria matanga, lakini haukuonekana katika daftari la serikali.

Haja ya kuhesabu vifo kwa makini ilijitokeza katika utafiti wa malaria. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ilianza kushirikiana na CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, mwaka 1979, na kituo chao kikuu upande huu wa ziwa kikawa Kisian, nje kidogo ya Kisumu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walilinganisha vijiji vya Asembo na Gem vilivyopewa vyandarua vyenye dawa na vile ambavyo havikuwa vimepewa. Vifo vya watoto wa chini ya miaka 5, ukiacha wachanga wa mwezi wa kwanza, vilipungua kwa takriban asilimia 16. Matokeo kama hayo yasingepatikana kwa kutegemea fomu za naibu chifu.

Mwaka 2001 ulianzishwa mfumo wa kudumu wa kufuatilia watu nyumba kwa nyumba, kwanza Asembo, kisha Gem, na Karemo mwaka 2007. Uliwafikia watu wapatao 220,000 katika vijiji 385. Katika kila kijiji alikuwapo mkazi aliyepeleka habari ya kila uzazi na kila kifo. Siku za kwanza za maombolezo zilipopita, mhoji alimwendea mtu aliyemuuguza marehemu, akamhoji kwa Dholuo. Kama ni mtoto, mama aliulizwa iwapo homa ilitangulia kikohozi, iwapo mbavu zilibonyea ndani alipovuta pumzi, iwapo alishikwa na degedege, shingo ikakakamaa, au macho yakawa ya njano. Aliombwa pia asimulie ugonjwa wote kwa maneno yake. Majibu hayo yalipimwa na matabibu, na baadaye na programu ya InterVA, inayokadiria uwezekano wa kila chanzo.

Kwa njia hii, nyumba ambazo hazikuwahi kuona cheti ziliingia katika takwimu za afya. Ukimwi na kifua kikuu vilibainika kuwa wauaji wakubwa wa watu wazima, na dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoenea baada ya 2003, vifo vya watu hao vilipungua. Ila mahojiano yana mipaka. Malaria, nimonia na maambukizi ya damu huanza kwa homa ile ile, na mama hawezi kueleza kilichokuwa ndani ya damu ya mwanawe.

Ndiyo sababu ya CHAMPS, mradi wa kuchunguza vyanzo vya vifo vya watoto, ulioanza katika muongo wa 2010 huko Manyatta mjini Kisumu na Karemo katika kaunti ya Siaya. Mtoto wa chini ya miaka 5 anapofariki, au anapozaliwa mfu, wazazi huombwa ridhaa upesi. Wakikubali, sindano hutoa vipande vidogo vya mapafu, ini na ubongo, pamoja na damu na maji ya uti wa mgongo. Mwili haupasuliwi. Kuomba ridhaa hiyo katika saa za kwanza za msiba ni kazi nzito. Wapo waliohofu kwamba viungo vingeuzwa au mazishi yangecheleweshwa, na hofu hiyo ilistahili kujibiwa kwa subira, kabla ya msiba wenyewe, kupitia wazee na wahudumu wa afya wa kijiji.

Baada ya vipimo, jopo la wataalamu hukaa na kupanga mfululizo wa visababishi: utapiamlo, kwa mfano, uliomdhoofisha mtoto, kisha malaria, kisha bakteria iliyommaliza. Wazazi hurudishiwa majibu, jambo ambalo mfumo wa mahojiano haukuwa ukilifanya kwa kawaida, na ambalo ni haki yao. Kwa mtu mzima anayefia nyumbani, ushahidi ungali ule wa aliyemuuguza.