Hoteli kuwa makazi ya dharura: inafanyikaje, na sisi Karatu je?

Kuna watu wananibishia kwamba hakuna serikali inayoweza kumlaza hotelini mtu aliyekosa nyumba. Zipo. Someni hapa chini.

MAANA YAKE
Serikali au halmashauri inakodi vyumba vya hoteli, gesti au loji, inalipia yenyewe, halafu inawaweka watu ambao nyumba zao zimebomoka au hawana kabisa. Ni kwa muda tu. Mwenye hoteli anapata hela ya vyumba vilivyokuwa vitupu, na mtu anapata mlango wa kufunga, choo na maji.

WAPI IMEFANYIKA
Marekani walifanya baada ya kimbunga Katrina cha 2005. Corona ilipoingia mwaka 2020, hoteli za Uingereza zilibaki tupu, basi Machi halmashauri zikaambiwa ziwatoe watu wanaolala barabarani. Kufikia Mei karibu watu 15,000 walikuwa wamepewa pa kulala, wengi wao hotelini. California nayo ilianza Aprili, ikilenga vyumba 15,000.

UBAYA WAKE
Chumba cha hoteli hakina jiko, watoto wanakuwa mbali na shule, na hela ikikata mtu anarudi alikotoka. Ndiyo maana kule Uingereza kuna utaratibu tangu 2004 kwamba familia yenye watoto isikae kwenye gesti zaidi ya wiki 6.

HUKU KWETU
Desemba 3, 2023 tope la Mlima Hanang lilishukia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Sisi wa Kansay hilo halikuwa jambo la mbali, Wairaqw tuna ndugu kule. Waliobaki bila nyumba walipelekwa shuleni, wengine wakapokelewa na ndugu. Nyumba mpya 109 pale Waret zilikabidhiwa Desemba 2024, yaani mwaka mzima baadaye.

Sasa angalieni hili. Desemba ni mwezi ambao shule hufunga. Je, ingekuwa Aprili, katikati ya masika, wanafunzi wangesomea wapi? Na Aprili hiyo hiyo, Karatu mjini na njia yote ya kwenda Ngorongoro, loji nyingi zinakuwa hazina wageni, na wafanyakazi wengine wanapewa likizo bila malipo. Mvua inayobomoa nyumba zetu ndiyo hiyo hiyo inayofukuza watalii.

Msiseme haiwezekani. Machi 2020 serikali yetu ilitenga hoteli za kuwaweka wasafiri karantini siku 14, ila walijilipia wenyewe. Na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Kinachotakiwa ni kukubaliana bei na wenye gesti na loji kabla ya mvua, kuandika ni vyumba vingapi na kwa siku ngapi, na kuanza na wajawazito, wazee na wenye watoto wachanga. Ukisubiri mpaka tope lifike mlangoni, hapo bei anapanga mwenye hoteli.

Naomba kuwasilisha. Wadau mnaofanya kazi kwenye loji, hili linawezekana au naota?