Mtoto mwenye maradhi ya kudumu: namna ya kumpata tabibu anayefaa, kutoka Tulia hadi Mombasa

Mzazi ambaye mtoto wake haponi, leo homa, kesho maumivu, mwezi ujao amelazwa tena, hubaki na swali moja: nimpeleke kwa nani? Makala haya yanalijibu hatua kwa hatua. Mfano wetu ni Tulia, katika Kaunti ya Kitui. Kitui na Pwani ni majirani wa tangu zamani. Katikati ya karne ya 19 misafara ya Kivoi ilikuwa ikiteremka kutoka Ukambani hadi Mombasa, na hadi leo ziko familia za Waswahili zilizoweka makao Kitui, pamoja na walimu, wafanyabiashara na watumishi wa serikali waliohamia huko. Tena, anayeishi Tulia yuko mbali na mabingwa sawa na anayeishi Faza, Kipini au Vanga. Njia atakayoipita yeye ndiyo watakayoipita wengi wetu.

Mwambie tabibu mnakotoka

Tabibu huanza kufikiria maradhi anayoyaona kila siku. Hapo ndipo mtoto wa Pwani aliyekulia bara anaweza kupotea.

Chukua selimundu, ambayo wengi wetu huiita siko seli. Mtu aliyerithi chembe moja tu ya selimundu, kutoka kwa mzazi mmoja, hukingika kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Kwa sababu hiyo chembe hiyo imeenea mahali palipokuwa na malaria kwa karne nyingi: Pwani yetu na kandokando ya Ziwa Victoria. Nyanda kavu na za juu ina uhaba. Mtoto aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua.

Sasa mtoto huyo akipelekwa kwenye zahanati ya bara akiwa na vidole vilivyovimba, macho ya manjano na damu pungufu, anaweza kutibiwa malaria mara tano, au kuambiwa ana baridi ya viungo, bila mtu kuiwaza selimundu. Neno moja la mzazi linaweza kuokoa miaka: "Sisi asili yetu ni Kilifi, na shangazi yake alifariki mdogo kwa kupungukiwa na damu." Eleza kabila na asili ya pande zote mbili, ndugu waliofariki wakiwa wadogo, na kama wazazi wana udugu wa damu. Hakuna aibu hapo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ujue pia kwamba kipimo cha haraka cha selimundu huenda kisitoshe. Baadhi ya vipimo hivyo havimtenganishi mwenye chembe moja na mgonjwa kamili, na kwa mtoto wa chini ya miezi 6 vinaweza kudanganya. Omba kipimo kinachochambua aina za hemoglobini. Kama hakipo hapo, damu inaweza kupelekwa kwenye maabara kubwa.

Ngazi za hospitali

Huduma za afya Kenya zina ngazi 6. Ya 1 ni wahudumu wa afya wa kijijini, ya 2 zahanati, ya 3 kituo cha afya, ya 4 hospitali ya kaunti ndogo, ya 5 hospitali kubwa za rufaa, na ya 6 hospitali za taifa kama Kenyatta ya Nairobi na Moi ya Eldoret.

Zahanati na vituo vya afya vina wauguzi na maafisa wa kliniki. Hawa ndio mlango wa kuingilia, na maradhi mengi huishia hapo. Daktari wa watoto, yaani aliyesomea udaktari kisha akarudi chuoni kwa shahada ya pili ya watoto, kwa kawaida utampata hospitali ya rufaa ya kaunti: kwa mtu wa Tulia ni mjini Kitui, kwa mtu wa Makueni ni Wote, kwa mtu wa Mombasa ni Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara. Juu yake yuko bingwa wa kiungo kimoja: moyo, figo, neva, damu, homoni. Hao ni wachache, na wengi wako Nairobi.

Kosa linalokula pesa za wazazi ni kuruka ngazi ya kati. Mzazi hutoka zahanati moja kwa moja hadi kwa bingwa wa moyo Nairobi, kumbe mtoto ana tatizo la damu. Daktari wa watoto wa kaunti ndiye anayejua ni bingwa yupi hasa anayehitajika, na mara nyingi atalimaliza jambo mwenyewe.

Dalili na tabibu wake

- Kuvimba vidole vya mikono na miguu, macho ya manjano, maumivu ya mifupa yanayorudi, kuongezewa damu mara kwa mara: daktari wa watoto, kisha kliniki ya selimundu au bingwa wa damu.
- Kiu isiyoisha, kukojoa sana, kurudia kukojoa kitandani, kukonda ghafla: pima sukari siku hiyo hiyo. Kisukari cha watoto hukosewa kuwa malaria au nimonia, na kinaua kwa siku chache. Bingwa wake ni wa homoni. Nairobi imekuwa ikiwafundisha mabingwa hao wa watoto kwa Afrika tangu 2008. Uko pia mpango wa Changing Diabetes in Children unaotoa insulini bila malipo kwa watoto katika kliniki kadhaa nchini, kwa hiyo uliza iliyo karibu nawe.
- Kuchoka akinyonya au akicheza, midomo kuwa ya buluu, viungo kuuma na kuvimba wiki chache baada ya koo kuuma: bingwa wa moyo wa watoto. Homa ya baridi yabisi huharibu vali za moyo, na sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 huzuia isirudi.
- Uso kuvimba hasa asubuhi, miguu kuvimba, mkojo wenye povu: bingwa wa figo.
- Kupoteza fahamu na kutetemeka mara kwa mara bila homa: daktari wa watoto kwanza. Dawa za kifafa zilizozoeleka hupatikana hadi hospitali za kaunti. Bingwa wa neva anahitajika hasa pale dawa mbili zilizotumiwa sawasawa zimeshindwa. Mrekodi mtoto kwa simu akiwa katika hali hiyo, maana daktari hataiona mkiwa chumbani kwake.

Kwetu degedege huitwa pia nyuni, na wengi huanza kwa mganga. Dua haizuiwi na hospitali yoyote. Linaloumiza ni kuacha dawa. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla inaweza kuleta degedege lisilokatika.

Barua na daftari

Usiondoke ngazi moja kwenda nyingine mikono mitupu. Omba barua ya rufaa yenye mambo manne: ugonjwa unaoshukiwa, vipimo vilivyofanywa na majibu yake, dawa alizopewa na kwa muda gani, na swali ambalo bingwa anatakiwa kulijibu. Barua isiyo na swali humfanya bingwa aanze upya, nawe ulipie vipimo vilevile.

Nyumbani weka daftari moja la mtoto. Andika tarehe za kulazwa, uzito, kundi la damu, mara alizoongezewa damu, chanjo, na dawa zilizomdhuru. Piga picha kila karatasi kwa simu.

Kumhakiki daktari

Kibao cha "kliniki ya watoto" hakimfanyi mtu kuwa bingwa. Baraza la Madaktari, KMPDC, lina orodha ya madaktari wenye leseni kwenye tovuti yake, na ubingwa wao. Tafuta jina kabla ya kulipa. Maafisa wa kliniki wana baraza lao.

Ukikaa naye, muulize: Ugonjwa unaitwaje, niandikie. Umeujuaje? Dawa hii atatumia hadi lini, na madhara yake ni yapi? Dalili gani zikitokea nikimbie hospitali usiku huohuo? Nani atamwona tukiwa nyumbani? Anayekasirishwa na maswali hayo hakufai kwa safari ya miaka 10.

Bingwa mzuri hukurudisha nyumbani

Mtoto wa maradhi ya kudumu hatibiwi kwa safari moja. Mtu wa Tulia hawezi kwenda Nairobi kila mwezi. Mpango unaodumu ni bingwa amwone mara chache kwa mwaka, na hospitali ya karibu impe dawa na vipimo vya kila mwezi kwa maandishi ya bingwa.

Selimundu inatuonyesha kuwa inawezekana. Utafiti wa REACH ulitolewa mwishoni mwa 2018, na Kilifi ilikuwa moja ya vituo vyake vinne, pamoja na Angola, Kongo na Uganda. Watoto 606 walipewa haidroksiurea. Maumivu na malaria vilipungua kwa takriban nusu, kuongezewa damu kukashuka hadi theluthi moja hivi, na vifo vikapungua pia. Dawa hiyo ni ya kumeza, na inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, jambo linaloweza kufanyika karibu na nyumbani.

Katika kuchagua mji, tazama pia wapi mna ndugu. Nairobi iko karibu zaidi na Tulia, lakini barabara ya Kitui, Mutomo hadi Kibwezi inakuunganisha na njia kuu ya Mombasa. Kama bibi yake mtoto yuko Kisauni na kliniki ya Makadara inatosha kwa maradhi yake, huenda huko ndiko utakakofuata tarehe zote bila kukosa.

Bima kabla ya dhiki

Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Kiwango ni asilimia 2.75 ya mapato, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hulipa ya mwaka kwa pamoja. Kujisajili ni kwa *147#. Huduma ya ngazi za chini hugharimiwa na mfuko wa afya ya msingi ukishajisajili. Kulazwa na matibabu ya juu hutaka uwe umelipa. Uko pia mfuko wa dharura na maradhi sugu, unaoingia bima ya kawaida inapokwisha. Hakikisha jina la mtoto limo, kwa kuwa wengi hujiandikisha wao wakawasahau watoto, na hulijua hilo kwenye dirisha la malipo.

Kwa aliye na mtoto anayeugua sasa, kazi za wiki hii ni tatu: kununua daftari, kuwauliza wazee maradhi ya ukoo wa baba na wa mama, na kwenda kwa daktari wa watoto wa kaunti na vyote viwili mkononi.