Urithi Uliofichika Katika Mtamba

Mkulima wa Iringa au Mbeya aendaye kununua mtamba wa maziwa hutazama kiwele, miguu na mgongo. Lakini jicho huona maradhi yaliyokwisha kutokea. Yale aliyoyarithi mnyama kwa wazazi wake, nayo yamelala bila dalili, halina uwezo wa kuyaona.

Jambo hili lilipata uzito katika Nyanda za Juu za Kusini miaka ya 1980, wakati mradi wa maziwa uliosaidiwa na Uswisi ulipowafikishia wakulima wadogo mitamba chotara, waliozaliwa na ng'ombe wa asili kwa mbegu ya Friesian. Chotara wa kwanza alikuwa na kinga ya namna yake. Kasoro nyingi za kurithi hazidhuru mpaka ndama azipokee kwa baba na kwa mama pia, na mama wa asili aghalabu hakuwa na kasoro ya ukoo wa Friesian. Hatari huja baadaye, dume mmoja akaapo kijijini miaka mingi hata akawapanda binti zake mwenyewe.

Wala ubora wa dume si dhamana. Huko Marekani alizaliwa mwaka 1962 dume aitwaye Pawnee Farm Arlinda Chief, akapata binti 16,000, na maziwa ya uzao wake yakasifiwa duniani. Mwaka 2011 wataalamu waligundua kwamba katika ukoo wake mna kasoro ambayo, ikirithiwa pande zote mbili, huiua mimba tumboni. Mimba zilizopotea kwa sababu hiyo zimekadiriwa kuwa zaidi ya 500,000. Hata hivyo, hesabu hiyohiyo ilionyesha kuwa faida ya maziwa yake iliizidi hasara mara nyingi. Kwa taifa lenye mamilioni ya ng'ombe, biashara hiyo ilikuwa njema. Kwa mjane wa Njombe mwenye ng'ombe mmoja, wastani huo haumfai kitu. Mimba ikitoka, maziwa ya mwaka yamekwenda, naye hulaumu malisho, au ugonjwa wa kutupa mimba, au hata jicho la jirani.

Tena mtamba hakai nyumba moja. Katika mipango ya kukopeshana ng'ombe, aliyekopeshwa hulipa kwa kumtoa ndama jike apewe mwingine, na pamoja na deni husafiri urithi, mwema na mbaya.

Watu wa nyanda hizi si wageni wa hoja hii. Wanyakyusa wa Rungwe, ambao mahari yao ni ng'ombe, huuliza ukoo kabla ya posa ili ndugu wa damu wasioane. Ajabu ni kwamba swali wamwulizalo bibi arusi ni nadra kuulizwa juu ya ng'ombe waliomtolea.

Siku hizi orodha za mbegu za uhamilishaji hutaja dume mwenye kasoro iliyopimwa, na anunuaye mbegu aweza kuchagua ukoo mwingine. Dume wa kijijini hana orodha. Baba yake ni nani, na binti zake wako zizi gani, hujulikana kwa kinywa cha muuzaji tu.