Mambo ya kujua kabla ya kulala katika loji ya Maasai Mara

LOJI za Maasai Mara zimejengwa katika makazi ya wanyama, na nyingi hazina ua wa kuwazuia kupita. Hilo ndilo linalozitofautisha na hoteli za mjini, na ndilo chanzo cha masharti mengi ambayo mgeni huelezwa pindi anapowasili.

Hifadhi hiyo iliyoko Kaunti ya Narok ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 1,510 na inapakana na mbuga ya Serengeti nchini Tanzania. Msafiri wa barabara kutoka Nairobi hupitia Mai Mahiu hadi mjini Narok, kisha huelekea lango la Sekenani. Inafaa ajaze mafuta na kutoa pesa za matumizi mjini Narok, kwani huduma hizo ni adimu mbele ya safari. Anayesafiri kwa ndege ndogo kutoka uwanja wa Wilson hufika kwa muda wa karibu saa moja. Hata hivyo, mzigo wake kwa kawaida hauruhusiwi kuzidi kilo 15, na mkoba unapaswa kuwa laini.

Ada ya kuingia hifadhini mara nyingi haimo katika bei ya chumba. Raia wa Kenya hutozwa kiwango cha chini kuliko watalii wa kigeni, mradi aonyeshe kitambulisho. Ni muhimu pia kuuliza saa ya mwisho ya kuondoka siku ya kurejea nyumbani, kwani anayechelewa huenda akadaiwa ada ya siku nyingine.

Eneo la Mara liko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hivyo alfajiri huwa na baridi na sweta ni ya lazima. Mavazi meusi au ya buluu iliyokolea huvutia mbung'o. Malaria ipo, kwa hivyo wajawazito na wenye watoto wadogo wapate ushauri wa daktari mapema. Aidha, tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja, zikiwemo chupa za maji, zimepigwa marufuku katika maeneo ya uhifadhi nchini. Mgeni abebe chupa ya kudumu.

Giza likiingia, mgeni hapaswi kutoka chumbani bila askari wa loji. Kiboko hutoka mtoni usiku kula nyasi, na anayejipata kati yake na maji huwa hatarini. Watoto wasiachwe peke yao hata mchana. Chakula kisiwekwe hemani, na zipu ifungwe kikamilifu, kwani nyani na tumbili ni wepesi wa kuingia.

Wakati wa matembezi ya kutazama wanyama, abiria husalia ndani ya gari isipokuwa mahali palipotengwa. Sheria hiyo hukiukwa mara nyingi kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wanapovuka Mto Mara na magari kusongamana ukingoni.

Wanaozuru msimu wa mvua ya masika, Machi hadi Mei, wana la ziada la kuuliza: chumba kiko umbali gani kutoka mtoni? Mnamo Mei 1, 2024, Mto Talek ulivunja kingo zake na kufurika katika kambi na loji zaidi ya 10, hata watalii na wafanyakazi wakaokolewa kwa helikopta na magari. Mgeni anastahili kuonyeshwa njia ya kukimbilia mahali pa juu kabla ya kulala.

Hatimaye, mgeni athibitishe iwapo bima yake inagharimia kusafirishwa kwa ndege akiugua. Huduma ya madaktari wa ndege ya AMREF, iliyoanzishwa mwaka wa 1957, ina kituo chake Wilson, lakini ni heri mipango ya malipo ikamilishwe kabla ya safari kuliko kuanza kutafutwa mgonjwa akiwa tayari kitandani.