Programu ya bao kwenye simu: jinsi ya kuipima kwa mkao mgumu

Siku hizi mtu anaweza kuweka mchezo wa bao kwenye simu yake na kucheza peke yake. Kijana akifungwa na simu mara tano mfululizo, anaamini simu inajua bao kuliko wazee wa kijiweni. Mzee naye akitazama kete zinavyotembea humo, anasema hilo si bao. Wasikilizaji wetu wa Mbamba Bay na mwambao wote wa Ziwa Nyasa, hapa tunaeleza namna ya kuwapatanisha hao wawili: kuipima programu kwa mkao mgumu wa kete ambao jibu lake linajulikana.

Wenzetu wa chesi wanafanyaje

Kuna watu wanaocheza chesi kwa kuandikiana. Zamani kila hatua ilitumwa kwa barua, leo inatumwa kwa intaneti, na mchezaji ana siku kadhaa za kufikiri. Shirikisho lao la kimataifa, ICCF, lilianza mwaka 1951, na linaruhusu wachezaji kutumia kompyuta. Kwa hiyo mchezaji akikwama, huupeleka mkao ule ule kwa programu kadhaa, huzipa muda sawa, kisha hulinganisha majibu.

Kompyuta ya chesi ni kali kweli. Mwaka 1997 kompyuta iliyoitwa Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov, kwa pointi 3.5 kwa 2.5. Hata hivyo ipo mikao iliyozidanganya programu kwa miaka mingi. Mfano, mchezaji amebaki na mfalme, askofu na askari mmoja wa pembeni kabisa mwa ubao. Mwenzake ana mfalme mtupu, lakini amejikalia kwenye kona anakokwenda yule askari. Kama askofu hatembei kwenye rangi ya kona hiyo, mchezo ni sare. Programu iliyohesabu thamani ya vipande tu ilisema ushindi uko karibu, wakati haupo.

Bao lina ugumu wake

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa kwenye nyumba, na 22 mkononi. Katika namua anaingiza kete moja kila zamu. Kete za mkononi zikiisha, unaanza mtaji. Anayemaliza kete zote za mstari wa mbele wa mwenzake ameshinda.

Ugumu uko kwenye kuzunguka. Zamu moja inaweza kula, kusambaza, kula tena na kuendelea, mpaka ubao mzima unabadilika. Kosa la kete moja mwanzoni linaharibu hesabu yote ya mbele. Tena namna za kuzipanga kete ni nyingi mno: watafiti wa Uholanzi walioandika kuhusu programu za bao mwaka 2002 walikadiria idadi yake kuwa 1 ikifuatiwa na sifuri 25.

Linganisha na awari, mchezo wa Afrika Magharibi wenye mashimo 12 na kete 48. Mwaka huo huo wa 2002, John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walikokotoa mikao yake yote, zaidi ya bilioni 889. Waligundua kwamba wote wawili wakicheza bila kosa, mchezo ni sare. Kwa awari, basi, kompyuta ina jibu lililothibitishwa. Kwa bao, programu ya simu inatazama hatua chache mbele na kukisia zilizobaki.

Namna ya kupima

Kwanza, pima sheria. Je, inakulazimisha kula pale unapoweza kula? Katika mtaji, je, inakataa kuanza kula kwa shimo lenye kete 16 au zaidi? Kete ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yenye kete sita au zaidi wakati wa namua, je, inakuuliza kama unasimama au unasafiri? Ikishindwa hapa, usiendelee. Inacheza mchezo mwingine, hata kama ubao unafanana. Kumbuka pia kwamba kanuni ndogondogo hutofautiana kati ya mahali na mahali, na wenzetu wa Malawi wana bawo lao. Kubalianeni kwanza mnapima bao lipi.

Pili, tafuta mkao. Mwombe mchezaji mzoefu akupangie ule uliowahi kumsumbua, ambao anajua namna ya kuushinda. Uandike kwenye karatasi shimo kwa shimo, pamoja na kete za mkononi. Jumla isipofika 64, umekosea kuandika.

Tatu, ipe programu mkao huo kama inaruhusu kupanga kete. Kama inaruhusu kuchagua muda, ipe dakika moja, kisha dakika kumi, uone kama inabadili jibu. Ukiwa na programu mbili, zipe muda sawa kwenye simu moja.

Nne, chezeni jibu lake kwenye bao la mti, hatua kwa hatua, mzee akijibu upande wa pili. Simu ikisema inashinda, hiyo ni ahadi tu. Ushindi uonekane kwenye mashimo. Wakati mwingine simu itaona njia ambayo mzee hakuiona, na hapo ni haki kuikubali.

Mkao mmoja hautoshi. Tumieni angalau kumi, ya namua na ya mtaji.

Jambo la kufanya sasa

Mikao hiyo migumu mara nyingi haiko kwenye kitabu. Iko vichwani mwa watu waliocheza miaka 40 au 50, na wanapungua. Wakiondoka nayo, hatutakuwa na kipimo cha kuipimia programu yoyote, na simu ndiyo itatuambia bao ni nini. Daftari na kalamu vinatosha kuanzia. Andika mkao, jina la aliyekupa kama ameridhia, tarehe, na namna anavyoushinda.