Umaskini na udongo ni faili moja

Ndugu wasikilizaji, pamoja nanyi mnaonifuata gazetini, juma hili nawaomba tusafiri hadi Murongo. Wengi wenu hamjafika huko. Ni mpakani, kaskazini-magharibi kabisa mwa nchi yetu, katika Wilaya ya Kyerwa, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Karagwe. Ukisimama kando ya mto unaiona Kikagati ya Uganda ng'ambo. Mto wenyewe ni Kagera, unaokusanya maji ya vilima vya Burundi na Rwanda na kuyamwaga Ziwa Victoria. Hakuna mto mwingine unaoingiza maji mengi zaidi ziwani humo.

Nilikwenda huko na kinasa sauti changu na swali moja: je, mipango yetu ya maendeleo huku chini, vijijini na wilayani, inakumbuka ardhi inayowalisha watu? Katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, kiongozi alinifungulia kabati akanionyesha mpango wa kijiji. Ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko mzuri. Barabara ilikuwamo, zahanati ilikuwamo, madarasa yalikuwamo. Kupunguza umaskini kulikuwa na sura yake nzima. Mazingira yalikuwa ukurasa wa mwisho, mstari mmoja: kupanda miche, na idadi yake. Nikauliza miche hiyo itapandwa katika ardhi ya nani, na mwenye ardhi atakula nini wakati miti inakua. Kiongozi akacheka, wala hakucheka kwa dharau. Akasema, "Ndugu mwandishi, swali lako ni zuri, lakini fomu haina mahali pa kuliandika."

Nimelifikiria jibu hilo kwa majuma kadhaa. Kwa sababu historia ya Karagwe, ukiisoma kwa makini, ni historia ya swali hilo lisilo na mahali katika fomu.

Tuanzie mbali kidogo. Mwezi Novemba mwaka 1861, Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Karagwe wakitafuta chanzo cha mto Nile. Walipokewa na Mfalme Rumanyika, ambaye makao ya ufalme wake yalikuwa Bweranyange. Miongoni mwa hazina za ufalme ule walikuwamo ng'ombe waliofuliwa kwa chuma. Nawaomba mlitafakari jambo hilo. Watu waliochagua kumfua ng'ombe kwa chuma na kumweka katika hazina ya enzi walijua uhai wao ulikuwa umesimama juu ya nini.

Ng'ombe alikuwa maziwa na mahari, lakini pia alikuwa samadi. Katika mkoa wetu wa Kagera, tangu wakati wa mababu, shamba la nyumbani lenye migomba huitwa kibanja. Ardhi ya huku si yote yenye rutuba ya asili. Kibanja hutengenezwa. Ng'ombe hulishwa nje, kwenye nyika za nyasi, jioni hurudi nyumbani, na samadi yake huingia migombani. Nyasi hukatwa nyikani zikatandazwa chini ya migomba ili udongo usikauke wala usichukuliwe na mvua. Kwa maneno mengine, rutuba ya nyika ilisafirishwa kila siku kwa miguu ya ng'ombe na kwa vichwa vya akina mama hadi mlangoni pa nyumba. Chakula, mifugo na hifadhi ya udongo vilikuwa kazi moja.

Sitaki mdhani nasifia zamani bila kipimo. Ng'ombe hawakuwa wa kila mtu. Wengi walikuwa mali ya mfalme na wakubwa, na mnyonge alitumikia ili aonje maziwa. Wala mababu hawakuwa malaika wa misitu. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyechimba Katuruka karibu na Bukoba, alionyesha kwamba wafua chuma wa huko, karibu miaka elfu mbili iliyopita, walikata miti kwa ajili ya makaa hadi misitu ya karibu ikapungua sana. Kwa hiyo kuharibu si jambo jipya kwetu. Ila waliobaki walijifunza, na kibanja ni sehemu ya elimu waliyoturithisha.

Kisha ukaja msiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliifagia Afrika Mashariki. Karagwe, nchi ya ng'ombe, ilipigwa vibaya. Ng'ombe walikufa kwa maelfu, njaa na ndui zikafuata nyuma yake, na wakati huo huo Wajerumani walikuwa wanaingia. Sasa angalieni mnyororo huu. Ng'ombe wakifa, samadi hakuna. Nyasi zisipolishwa wala kuchomwa kwa wakati, vichaka huota. Vichaka vikiota, mbung'o huhamia. Mbung'o akihamia, hata ng'ombe mpya hawezi kuishi, na binadamu huambukizwa malale. Watu hukimbia, na watu wakikimbia vichaka huzidi. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza kwamba sehemu kubwa ya mapori ya nchi yetu tunayodhani yamekuwapo tangu kuumbwa kwa dunia yalikuwa malisho na mashamba kabla ya misiba ile.

Hapo kuna somo la kwanza, nalo ni zito. Umaskini wa Karagwe haukuja peke yake, na vichaka havikuja peke yake. Vilikuja vimeshikana mikono. Lakini serikali za kikoloni zilivitenganisha. Wagonjwa walikwenda kwa daktari, mbung'o walikwenda kwa idara yao, wanyama wa porini kwa idara yao, kahawa kwa idara yao. Mafaili yakazaliwa.

Murongo yenyewe iliingia katika faili la madini. Vilima vya Kyerwa vina bati, na ng'ambo ya mto pia kuna bati. Maporomoko ya Kagera pale Kikagati yalijengewa kituo kidogo cha umeme kwa ajili ya migodi. Umeme ulitoka mtoni ukaenda mgodini. Mkulima aliyekuwa anaona nguzo zikipita aliendelea kuwasha kibatari. Kituo kile kiliharibiwa wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1979, na kwa miaka zaidi ya 40 maji yakapita bure.

Baada ya uhuru tulijaribu kurekebisha, lakini tulitoka katika kosa moja tukaingia katika jingine. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa kwa jina la madaraka mikoani. Nia ilikuwa kuwasogezea wananchi serikali. Matokeo yake mipango iliandikwa na wataalamu waliotumwa, na mwananchi akaalikwa kuja kupiga makofi. Halmashauri zilirudi kazini mwaka 1984. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1977, Tanzania, Rwanda na Burundi ziliunda Shirika la Bonde la Mto Kagera, na Uganda ikajiunga mwaka 1981. Lilikuwa na ndoto kubwa za umeme, reli na kilimo. Lilivunjwa mwaka 2004, na mengi ya ndoto hizo yakiwa bado katika makaratasi.

Halafu mwaka 1994 yakaja mauaji ya kimbari ya Rwanda. Wakimbizi waliingia mkoani Kagera kwa mamia ya maelfu. Ngara ilibeba mzigo mkubwa zaidi, na Karagwe nayo ilikuwa na kambi zake, hadi wengi waliporudi kwao mwishoni mwa mwaka 1996. Watu wale walihitaji kuni, na nani angewanyima? Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikadiria baadaye kwamba kilometa za mraba 570 za misitu ya mkoa ziliathirika, na kati ya hizo 167 ziliharibiwa vibaya. Kwa miaka miwili tuliona kwa macho yetu kwamba mtu mwenye njaa hawezi kuuhurumia mti. Hata wewe msomaji wa mjini, gunia la mkaa lililoko jikoni kwako linakuambia hivyo hivyo.

Tangu hapo sheria nzuri hazikukosekana. Tulipata Sera ya Taifa ya Mazingira mwaka 1997, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004, inayotaka kuwe na kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya UNDP na UNEP yalisaidia kazi ya kuunganisha umaskini na mazingira katika mipango ya wilaya, na halmashauri sita zikawa za mfano: Bukoba Vijijini, Bunda, Sengerema, Ileje, Nyasa na Ikungi. Kyerwa haikuwamo. Ila Karagwe na Kyerwa ziliguswa na mradi wa FAO wa bonde la Kagera ulioanza mwaka 2010 katika nchi nne. Ule ulitumia mashamba darasa, wakulima wakijifunza pamoja juu ya makingamaji, matandazo na samadi. Yaani, kwa fedha za kimataifa, tulirudishiwa elimu ya kibanja.

Sasa turudi Murongo ya leo, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mwezi Mei mwaka 2023 marais wa Tanzania na Uganda walizindua kituo kipya cha umeme cha Kikagati na Murongo, megawati 14, kila nchi ikipata nusu. Ni jambo la kushangilia. Lakini kituo hiki hutegemea mto unavyokuja, na mto unakuja na udongo. Udongo huo unatoka wapi? Unatoka katika mashamba ya vilima visivyo na makingamaji wala matandazo, ya Rwanda, ya Burundi, ya Uganda na ya kwetu. Huu ndio mto uliotuletea pia gugumaji ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kila mvua kubwa, rutuba ya maskini hupita pale bwawani ikiwa tope. Kwa hiyo mkulima wa kilimani na fundi wa mitambo wako katika biashara moja, hata kama hawajawahi kusalimiana.

Na kwa nini mkulima hatandazi nyasi? Si kwamba hajui. Mzee mmoja wa Murongo, aliyeniketisha kwenye kigoda chini ya mgomba, alinipa jibu kwa neno moja: butura. Wasiofahamu, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ua mtini. Ada ya shule inadaiwa, mtoto anaumwa, na mwenye fedha anakuja na shilingi kidogo mkononi. Mavuno yakifika, kahawa ni ya mwenye fedha, na mara nyingine huvuka mto usiku kufuata bei ya Uganda. "Mwanangu," mzee akaniambia, "nani atabeba samadi kuipeleka kwenye mti ambao kahawa yake imekwisha liwa?"

Ndugu zangu, katika swali hilo la mzee kuna elimu ambayo nimeikosa katika semina nyingi. Mkopo mdogo wa haki kabla ya mavuno ni mradi wa kuhifadhi udongo. Ng'ombe mmoja wa maziwa katika banda ni mradi wa kuhifadhi udongo. Soko ni mradi wa kuhifadhi udongo. Lakini soko la mpakani la Murongo, lililoanzishwa chini ya mradi wa kilimo wa DASIP, lilisimama kwa miaka bila kumalizika, wakati mkulima anauza gizani. Na mwaka 2019 mapori ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa kuwa hifadhi za taifa. Ni heshima kwa nchi na yanaweza kuleta wageni. Hata hivyo, mwananchi wa jirani ataipenda hifadhi siku atakapoiona katika sahani yake, si katika ramani peke yake.

Basi nawapa viongozi wa halmashauri zetu, za Kyerwa na za kwingineko, pendekezo dogo lisilohitaji mfadhili. Kila mradi unapoletwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, uulizwe maswali mawili kabla ya mihuri. La kwanza: mradi huu utauacha udongo, maji na miti katika hali gani baada ya miaka kumi? La pili: mtu maskini kuliko wote katika kijiji hiki atakula nini wakati tunasubiri miaka hiyo kumi? Mradi usiojibu yote mawili urudi ukaandikwe upya. Na kama fomu haina mahali, basi tuibadilishe fomu. Haikushushwa kutoka mbinguni.

Jioni ile niliondoka Murongo mvua ikianza. Maji ya Kagera yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Dereva wetu akasema mto umependeza. Mimi nikamkumbuka mzee wa kigoda, nikajua ninachokitazama: ni shamba la mtu linaondoka.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.