Jiwe la Babu, Mbwa wa Mama

Chapo alipata jina lake siku ya kwanza kabisa. Mama alimwokota kando ya reli, kadogo, mbavu zote nje, akamleta nyumbani amemfunga kwenye leso. Akamweka chini ili amtafutie maziwa. Alipogeuka, chapo mbili zilizokuwa kwenye sinia zilikuwa zimeenda, na kambwa kanamwangalia kama vile kanauliza kama kuna ya tatu.

Miaka minne imepita. Ploti yetu hapa Laini Saba ina milango kumi na miwili, sita kwa sita, na katikati kuna kakorido ambako watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuze bega. Kila chumba ni futi kumi kwa kumi. Ndani ya nafasi hiyo Chapo alikuwa amejijengea rekodi. Ndala za majirani, moja moja, hachukui jozi, sijui kwa nini. Soksi za shule kwenye kamba. Sufuria ya Nyanya wa mlango wa tano, aliyoiramba mpaka ikang'aa. Kubweka saa nane usiku mtu akienda choo. Na kosa kubwa kuliko yote: kukimbiza kila kitu chenye magurudumu mawili.

Siku moja msee wa boda aliyekuwa amebeba mteja alisimama ghafla, akashuka, akaokota jiwe. Mimi nikatoka mbio. Na hapa lazima niseme ukweli: nilimfokea yeye. "Wee! Weka hiyo jiwe chini!" Chapo alikuwa bado amemshika suruali.

Jioni hiyo keateka akaja mlangoni. Hakuingia. "Wiki tatu," alimwambia Mama. "Ama mumfunze, ama aende. Na mjue kuna watu wameanza kuongea mambo ya nyama." Mtu wa mtaa hahitaji kuelezwa. Nyama ni ile inayotupwa usiku ikiwa na sumu ndani, na asubuhi unamkuta mbwa wako kando ya mtaro, povu mdomoni.

Mama hakusema kitu. Lakini mimi najua hesabu yake. Anaamka saa tisa usiku, saa kumi yuko njiani na karai kichwani, anaenda kukaanga mandazi kabla watu wa mjengo hawajapita. Anayetembea mbele yake gizani ni Chapo. Ile sauti inayomwamsha mtoto wa jirani ndiyo inayomfanya mtu aliyejificha nyuma ya kibanda abadilishe mawazo.

Usiku huo nilimkumbuka babu.

Babu, baba yake Mama, alifanya kazi ya nyumbani upande wa Lavington miaka ya mwisho ya ukoloni. Alitoka Kibra alfajiri kwa miguu, na kila siku alitembea na jiwe mfukoni. La mviringo, laini, kama yai la bata. Mama bado analo, liko dirishani. Tulipokuwa watoto tulimuuliza la nini, akajibu neno moja: "Mbwa." Halafu siku akiwa na roho nzuri alituhadithia habari za Kamawe.

Kamawe Musunge alikuwa mtumishi wa nyumbani hapa Nairobi. Oktoba 1959 alikuwa anapita na baiskeli yake barabarani, mbwa wawili wakatoka kwenye nyumba ya Mzungu mmoja, mhandisi, jina lake Peter Poole. Wakamvamia. Kamawe akafanya ambacho mtu yeyote angefanya: akaokota mawe. Poole akatoka na bastola akampiga risasi, akafa. Kosa lake lilikuwa kuwatupia mawe mbwa wa mtu.

Kilichofuata ndicho kilichoitikisa Kenya. Baraza la wazee wa mahakama, wazungu watupu, lilimwona Poole na hatia ya kuua kwa kukusudia, akahukumiwa kifo. Maelfu ya watu walitia sahihi kuomba asamehewe. Gavana, Patrick Renison, akakataa, na tarehe 18 Agosti 1960 Poole akanyongwa Nairobi, Mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika. Ni mwaka uleule ulioanza na mkutano wa Lancaster House kule London, ambapo ilianza kueleweka kwamba nchi itarudi kwa wenyewe. Vitabu vikimtaja Poole hukaa kwenye hukumu na siasa. Babu yeye alikaa kwenye mbwa. "Mbwa hakuzaliwa anajua rangi ya mtu," alisema. "Kuna mtu alimwonyesha, au alimwona akifanya akanyamaza."

Ukitembea leo Lavington au Karen, bado geti baada ya geti lina kibao: MBWA KALI. Angalia lugha. Kwenye mtaa ambao karibu kila kibao kingine ni cha Kizungu, hiki ni Kiswahili. Kinajua kinaongea na nani. Kwa wakoloni mbwa walikuwa wa aina mbili: wa kwao, wenye ukoo na karatasi, na wetu, waliowaita "shenzi dog". Neno ni letu wenyewe. Watu wa pwani walilitumia kuwadharau watu wa bara, Mzungu akalidaka akalibandika kwa mbwa. Kuna kichekesho hapo. Miaka ya 1930 Waingereza walichukua mbwa wadogo wa kuwinda kutoka Kongo, wale wasiobweka kama wengine, wakawapeleka kwao kuwazalisha, na leo ni aina inayouzwa bei ghali duniani kwa jina basenji. Neno hilo katika Kilingala ni ndugu wa "washenzi". Yaani ukiwa na pesa unaweza kununua mbwa mshenzi mwenye cheti.

Sasa rudi kwenye ploti yetu. Mtu anapita na magurudumu mawili, mbwa anamvamia, anaokota jiwe, na mwenye mbwa anatoka kumfokea mwenye jiwe. Sikuwa na bastola, sawa. Lakini niliposimama nikafikiria, nilikuwa nimesimama upande wa Poole.

Na woga wa watu wa mbwa si upuuzi. Kichaa cha mbwa kiliripotiwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viunga vya Nairobi hapa hapa. Mtu wa kwanza kuthibitishwa kukiugua alikuwa mwanamke wa upande wa Ziwa Victoria, 1928. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona, na sehemu kubwa wanaoumwa ni watoto. Serikali ilitoa mpango mwaka 2014 wa kukimaliza kwa binadamu kufikia 2030, na kiini chake ni kuchanja angalau mbwa saba kati ya kumi. Kwa hivyo kitu cha kwanza tulichofanya hakikuwa mafunzo. Nilimfunga Chapo kamba nikampeleka achanjwe. Karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, chanjo za bure huwa zinafika hadi mitaani. Kadi nikaibandika mlangoni, nje, ambapo kila mtu anaiona. Na ukiumwa, hata na mbwa unayemjua, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika kumi na tano, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ushauri haukukosekana. Kijana wa mlango wa pili alisema mbwa lazima ajue bosi ni nani: umlaze chali, umkalie, mpaka akubali. Nilijaribu. Chapo alijikojolea, na kwa siku mbili hakunisogelea. Baadaye nilisoma wazo hilo lilikotoka. Mwaka 1947 mtaalamu mmoja, Rudolf Schenkel, aliandika kuhusu mbwa mwitu waliofungiwa pamoja kwenye zuu, wakipigania nani awe juu. Mmarekani David Mech akalieneza kwa kitabu chake cha 1970. Halafu Mech huyo huyo akaenda kuwaangalia porini, akakuta kundi ni baba, mama na watoto wao tu, hakuna vita vya ubosi, na akatumia miaka mingi kujisahihisha. Wale wa kwanza walikuwa wageni waliosongamanishwa kwenye boma moja dogo. Mtu wa ploti anaelewa kabisa kwa nini walikuwa wanapigana.

Aliyetusaidia ni Nyanya wa mlango wa tano, ambaye ndiye alikuwa na sababu kubwa kuliko sisi wote ya kumchukia Chapo. Nyanya ni Mnubi. Babu zake walikuja na King's African Rifles, wakapewa msitu huu, kwani Kibra kwa Kinubi ni msitu. Mwaka 1918 ulitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Hati ambayo jamii yake ilipata mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Anasema utotoni mwake mbwa alikuwa na pa kukimbia, akakuchukiza mara moja kwa mwezi. Siku hizi uwanja umekuwa korido, na kila tabia ya mbwa inaishia kwenye mguu wa mtu.

Chapo alipoiramba sufuria yake, Nyanya aliiosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini yake inavyomwelekeza. "Laini Saba, kuosha saba," alisema, hakucheka. Nilipoenda kumwomba msamaha alinikaribisha nje, kwenye stuli.

"Unawajua vijana wa pangoni?" akaniuliza.

"Hapana, Nyanya."

"Wamo kwenye Kurani. Walilala pangoni miaka mingi, na mbwa wao pamoja nao. Lakini alilala wapi?" Akaonyesha kwa kidole. "Kizingitini. Amenyoosha miguu ya mbele. Wako mfundishe kizingiti. Mimi na yeye hatutagombana tena."

Basi tukaanza na kizingiti. Nilikunja gunia, nikaliweka mlangoni, na kuanzia siku hiyo Chapo hakupata hata punje ya ugali mahali pengine. Akikanyaga gunia, kichwa cha omena. Akilala juu yake, vichwa viwili. Akiondoka, hakuna kelele, hakuna fimbo, na hakuna omena. Siku ya nne alikuwa anaenda mwenyewe, anajinyoosha, anatuangalia kama mtu anayesubiri mshahara.

Boda ilikuwa kazi nyingine. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, aligundua mbwa wake wanatoka mate kabla hawajaona chakula, kwa kusikia tu dalili kwamba kinakuja. Nilitaka Chapo atoke mate kwa sauti ya pikipiki. Tulianza mbali, nyuma ya vibanda, ambapo injini inasikika kama nyuki. Ikisikika tu, kabla hajainua masikio, omena. Ikipotea, omena inaisha. Kila siku tunasogea hatua chache. Nikiharakisha anashtuka, tunarudi nyuma. Siku moja nilikuwa na haraka zangu nikampeleka hadi kando ya barabara, akamkimbiza kijana wa baiskeli, na wiki nzima ikaharibika. Hiyo ilikuwa juu yangu.

Mengine yalikuwa madogo. Kubweka usiku kulipungua tulipomhamishia ndani, nyuma ya kitanda cha Mama, kwa sababu pale mlangoni alikuwa anaona miguu ya kila mtu kupitia chini ya geti la mabati. Kwa meno nilimletea mfupa mbichi kutoka kwa bucha, si uliopikwa, maana uliopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kumtoboa tumbo. Wizi wa sufuria dawa yake ni mfuniko. Kila akifaulu kuiba amelipwa, na aliyelipwa hurudi kazini. Mama alichukua jiwe la babu dirishani akampelekea Nyanya aweke juu ya mfuniko. Nyanya akalipima mkononi, akasema ni zito kuliko linavyoonekana.

Wiki ya tatu nilienda kwenye steji kumtafuta yule msee wa boda. Nilimwambia siku ile mimi ndiye niliyekosa, na kama suruali ilipasuka nitalipa. Alikuwa anakula mandazi ya Mama. Alicheka, akasema suruali ilikuwa mzee tayari, lakini mteja hakumlipa siku hiyo. Nikatoa hamsini. Akaichukua.

Siku hizi akipita anapunguza mwendo mbele ya ploti. Chapo anabaki kwenye gunia, mkia unapiga mabati, macho yako kwa mkono wangu, si kwa magurudumu.

"Mnampa nini huyu?" aliniuliza juzi.

"Omena."

"Na mimi ninayefanya kazi yote ya kupita?"

Keateka hajarudi kuongea. Wiki tatu zimekuwa miezi miwili. Ile ya ndala ndiyo imetushinda. Jumapili amechukua ya kushoto ya keateka mwenyewe, na mpaka sasa Mama anaitafuta kabla hajaulizwa.